Njia nne za kuunga spotilaiti kwenye gari la porini: ipi ikufae?

Spotilaiti zangu za kwanza zilifungwa Arusha mchana, na jioni ileile nikashika njia ya Longido kuelekea Ketumbeine. Giza lilipoingia nikawasha taa. Nikiwa kwenye dimu, yaani taa za kumulika karibu, spotilaiti zote mbili zikawaka kwa nguvu. Nikapiga fulu ili nione mbali zaidi, zikazima. Nikarudisha dimu, zikawaka tena. Mbele likatokea lori limebeba ng'ombe, na kila nilipomshushia dereva taa kama adabu inavyotaka, ndipo nilipommulika machoni. Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti na kuchomoa rilei, ile swichi ya sumaku inayoziwasha, kwa mkono. Dereva wa lori alipofika usawa wangu akashusha kioo. "Pole kaka. Hizo taa zimeungwa kinyume," akasema, na akaendelea na safari.

Taa zilikuwa nzima, rilei nzima, na fundi hakulipua kazi: alifuata mchoro uliokuja na seti, waya kwa waya. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza gari lile huwashaje fulu yake. Nitalieleza hilo kwa kirefu huko chini, maana linawatesa wenye Toyota wengi na michoro mingi ya kwenye boksi hailitaji.

Watu hutumia wiki nzima kuchagua taa, halafu suala la waya wanamwachia fundi aliamue kwa dakika tano. Mimi naona ingefaa iwe kinyume. Taa ya wastani iliyoungwa vizuri itamulika kuliko taa ya bei mbaya iliyoungwa kwa waya mwembamba, na hesabu yake naitoa hapa. Nalinganisha njia nne zinazotumika huku kwetu: kuunga bila rilei, kuunga rilei kwa waya wa kukata mwenyewe, kununua seti ya dukani iliyokwisha kuungwa, na kufunga paneli ya kielektroniki. Mfano wangu ni Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ, gari ambalo Arusha unaliona kila kona, ikiwa na spotilaiti mbili za halojeni za wati 100 kila moja. Nikisema waya wa milimita 4 namaanisha milimita za mraba, kama wauza waya wanavyosema.

Bila rilei

Njia hii ina sura mbili. Ya kwanza ni kuchubua waya wa taa kubwa na kubandika spotilaiti papo hapo. Robo saa, kazi imekwisha. Sijaona sababu hata moja ya kuikubali. Balbu ya kawaida ya taa kubwa, ile iitwayo H4, ina wati 55 za dimu na 60 za fulu, hivyo waya wa kiwandani wa kila upande umezoea kupitisha kama ampea 5. Ukiubebesha na halojeni ya wati 100, unaupitishia zaidi ya ampea 13. Fyuzi ikikatika itakatika usiku, gari likiwa kwenye mwendo, na haitaondoka na spotilaiti peke yake: taa kubwa nayo imekwenda. Wapo wanaotibu kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi. Hapo joto linahamia kwenye swichi ya taa iliyo kwenye usukani na kwenye soketi za balbu, na plastiki huanza kulainika siku nyingi kabla hujasikia harufu.

Sura ya pili ina heshima kidogo. Waya unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia ndani hadi swichi ya dashibodi, kisha unarudi mbele hadi kwenye taa. Hii inawadanganya wengi kwa sababu taa zinawaka na kila mtu anaridhika. Lakini umeme wote unazunguka hadi kwa dereva na kurudi, kama mita 5 za waya, na halojeni mbili za wati 100 zinavuta karibu ampea 17. Tazama volti zinazopotea njiani kabla hazijafika kwenye balbu:

| Waya (mm²) | Volti zinazopotea: mita 5, ampea 17 |
|---|---|
| 1 | 1.5 |
| 1.5 | 1.0 |
| 2.5 | 0.6 |
| 4 | 0.4 |
| 6 | 0.3 |

Injini ikizunguka, altaneta, yaani jenereta ya gari, inatoa karibu volti 14. Ukipoteza moja na nusu umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Na mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti: ondoa sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga unapungua karibu sehemu tatu za kumi. Umelipia taa mbili, unatumia moja na kidogo. Hapo sijahesabu maungio, swichi yenyewe, wala njia ya kurudi kwenye ethi, yaani hasi ya betri kupitia bodi ya gari.

LED haififii kirahisi hivyo. Ndani yake kuna kidhibiti ambacho kwa kawaida kinakubali volti 10 hadi 30, na volti zikipungua kinavuta ampea zaidi ili kufidia. Ndiyo maana LED iliyoungwa kwa waya mwembamba haikuonyeshi dalili kwa macho. Dalili utaikuta ukiushika waya, una moto.

Kuna mahali naikubali njia hii bila kusita: taa ndogo ya kazi, tuseme LED ya wati 18 ya nyuma kwa ajili ya rivasi au ya kupikia kambini. Inavuta ampea moja na kitu. Fyuzi ya ampea 5, swichi nzuri, waya wa milimita 1.5, basi. Kuiwekea rilei ni kuongeza kitu cha kuharibika bila faida.

Rilei na waya wa kukata mwenyewe

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Umeme mdogo unaingia kwenye koili, sumaku inavuta kibati, kibati kinaunganisha umeme mkubwa. Koili ya rilei ya volti 12 inavuta karibu ampea 0.15 tu, kwa hiyo waya unaoingia dashibodi unaweza kuwa mwembamba, na ule mnene unabaki chini ya boneti, kama mita moja na nusu kutoka betri hadi kwenye ngao ya mbele zinapofungwa taa. Ukitumia waya wa milimita 4 hapo unapoteza volti 0.12 hivi. Linganisha na ile moja na nusu ya juu.

Namba za pini ni zilezile kwa watengenezaji wengi kwa sababu zinafuata kiwango cha Kijerumani, DIN 72552. Namba 30 inapokea umeme wa betri uliokwisha kupita kwenye fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Ukikuta ya tano, 87a, jua hiyo ina umeme wakati rilei imelala. Usiiunge na kitu, na uifunike, maana ikigusa bodi ni shoti.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 20. Kazi yake ni kulinda waya, wala si taa. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kikisuguliwa na kona ya bati mpaka shaba iguse chuma, betri itamwaga mamia ya ampea hapo hadi kitu kishike moto. Kwa halojeni zangu mbili naweka fyuzi ya 25 na waya wa milimita 4. Kwa baa ya LED, ile taa ndefu ya mstari, inayovuta kweli wati 120, yaani chini kidogo ya ampea 9 injini ikiwaka, fyuzi ya 15 na waya wa milimita 2.5 vinatosha. Nasema inayovuta kweli kwa sababu baa nyingi za bei rahisi zimeandikwa wati nyingi kuliko zinazotumia. Fundi mwenye mita ya kubana waya, iwe ile inayopima umeme wa betri, atakuambia ukweli kwa sekunde chache.

Ubora wa njia hii umo kwenye maungio. Barabara ya Loliondo, au ile ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, inatetemesha gari saa nzima bila kupumzika. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu utaachia. Tepu yenyewe ikipata joto la injini gundi inalainika na kuteleza. Kulehemu kunaonekana imara, lakini risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu, na mtetemo huukata pale ugumu unapoishia. Mimi nabana kwa koleo maalumu la teminali, yaani vile vichwa vya chuma vya kuungia waya, kisha navalisha mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Koleo la kawaida halibani, linabonyeza tu. Ukimkuta fundi anabana teminali kwa meno au kwa nyundo, mwombe kwa heshima akusubiri ukaazime koleo.

Rilei yenyewe ichague kwa mkono. Zipo zilizoandikwa ampea 40 ambazo miguu yake ni kibati chepesi kuliko kopo. Ile nzuri ina uzito, miguu minene, na mpira wa kuzuia maji. Ifunge pini zikitazama chini ili maji yasituame.

Sababu kubwa ya kuipenda njia hii ni ya porini. Rilei ya pini nne unaipata Gerezani Dar es Salaam, unaipata Kirinyaga Road Nairobi, na unaipata kwenye duka dogo la spea Karatu. Kila kipande cha mfumo unakijua, unakiona, unaweza kukipima kwa balbu na vipande viwili vya waya. Ukiwa na rilei mbili za aina moja kwenye gari, moja ni spea ya nyingine.

Hasara zake nazo ni za kweli. Kazi nzuri inachukua nusu siku, inataka vifaa, na ubora wake ni ubora wa mikono iliyoifanya.

Kwanza ujue gari lako linawashaje fulu

Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Kwenye Land Rover Defender ya zamani na magari mengi ya Ulaya, swichi ya usukani inapeleka chanya kwenye uzi wa dimu au uzi wa fulu ulio ndani ya balbu, na ethi imekaa palepale siku zote. Koili ya rilei ukiiunga kati ya waya wa fulu na bodi, spotilaiti zitafuata fulu kama ulivyotaka. Michoro mingi inayokuja na seti inadhani gari lako liko hivyo.

Toyota nyingi za kazi haziko hivyo. Kwenye Land Cruiser nyingi za 70 na 80, Hilux nyingi za miaka ya nyuma, na Nissan Patrol pia, ukiwasha taa chanya inafika kwenye pini ya pamoja ya balbu na kukaa hapo, uwe dimu au fulu. Swichi ya usukani inachagua hasi: ukiwa dimu inaupa ethi uzi wa dimu, ukiwa fulu inaupa ethi uzi wa fulu. Sasa utazame waya wa fulu wakati uko dimu. Hauna ethi, lakini umeshikana na chanya kupitia uzi wa balbu, hivyo mita itasoma volti 12 juu yake. Fundi anaunga koili pale, anaona umeme upo, rilei inaita, spotilaiti zinawaka. Piga fulu: waya uleule unakwenda ethi, volti zinakuwa sifuri, rilei inalala. Ndiyo yaliyonikuta njia ya Ketumbeine.

Kipimo chake ni cha dakika tano. Chomoa soketi za balbu za H4, zote mbili, kulia na kushoto. Ukiacha ya upande wa pili, uzi wake utapitisha umeme na kukudanganya. Washa taa, weka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma kisafi cha bodi, na nyekundu kwenye kila tundu la soketi. Kama volti 12 inahama kutoka tundu moja kwenda jingine unapobadili dimu na fulu, gari linawasha kwa chanya. Kama tundu moja lina volti 12 muda wote, linawasha kwa hasi.

Gari likiwa la hasi, unga hivi: 86 iende kwenye waya wa pamoja wa taa kubwa, ule wenye chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa. 85 iende kwenye swichi ya dashibodi, na kutoka kwenye swichi hadi waya wa fulu. Ukiwa dimu, ncha zote mbili za koili zina volti 12, hakuna tofauti, rilei imelala. Ukipiga fulu, 85 inapata ethi na rilei inaita. Usiipeleke 86 moja kwa moja betri ukidhani ni mamoja. Taa kubwa zikiwa zimezimwa na swichi ya dashibodi imeachwa juu, umeme unaweza kupita kwenye koili, ukavuka uzi wa fulu, ukarudi kwa uzi wa dimu hadi ethi, na spotilaiti zikawaka zenyewe gari likiwa limeegeshwa. Na kama rilei yako ina diodi ndani, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, upande wa chanya na hasi wa koili lazima uheshimiwe.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kusumbuka na fulu, si niweke swichi yangu niwashe na kuzima nipendavyo? Kwa kambini na njia isiyo na watu, sawa. Lakini utafika Minjingu, utaingia lami, na basi la usiku litakuja mbele yako kwa kasi. Mwaka 2023 mabasi ya Tanzania yaliruhusiwa tena kutembea usiku, na dereva yule ana abiria hamsini nyuma yake. Mkono wako uko kwenye usukani. Kidole kimoja kikishusha fulu, kila taa yenye nguvu izime kwa mpigo huohuo. Ukilazimika kutafuta swichi ya pili gizani, kuna usiku utachelewa. Kwangu hili halina mjadala kwa taa yoyote inayotazama mbele.

Seti ya dukani

Ndani ya mfuko mmoja kuna rilei, fyuzi, swichi, na waya zilizokwisha kukatwa na kuvalishwa teminali. Mtu asiye fundi anaifunga kwa saa moja au mbili. Seti nzuri ina maungio yaliyobanwa kwa mashine, na hayo hakika yanashinda yale ya fundi mwenye haraka.

Tatizo ni kwamba seti nzuri na seti mbovu zinafanana sura. Nimekata seti ya bei rahisi nikakuta ganda nene la plastiki na ndani yake nyuzi chache zisizofika milimita 1. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe katikati, iache dukani. Alumini hiyo inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inakatika kwa mtetemo, na ikikutana na chumvi ya pwani au magadi ya Natron inaoza ndani ya teminali bila wewe kuona. Sikiliza pia uzito. Seti inayodai kubeba wati 300 ikiwa nyepesi mkononi kama kamba ya viatu, jibu umelipata.

La pili ni waya wa kuitia kazi rilei, kwa maana ya somo la juu. Baadhi ya seti zinachukua umeme wa swichi moja kwa moja betri. Hizo hazitakuletea ukinyume, lakini pia hazizimi na fulu, na ukisahau swichi zinakula betri: ampea 17 kwa saa tatu ni ampea-saa 50, nusu ya betri ya 100, na 1HZ asubuhi ya baridi Ngorongoro haitakuonea huruma. Watengenezaji wa Australia, ambako Land Cruiser za 70 ni nyingi kama huku, huuza seti na adapta zinazokubali chanya na hasi. Kama mwuzaji wako anazo, ongeza fedha uchukue hizo. Kama hana, nunua seti nzuri ya kawaida na umwambie fundi ageuze waya za 85 na 86 kama nilivyoeleza. Ni kazi ya dakika ishirini.

Urefu nao upime kabla. Seti nyingi zimekatwa kwa taa za kwenye bampa. Ukitaka baa juu ya keria, waya hautafika, na kuunga kipande ni kurudi kwenye maungio uliyolipia usiyafanye.

Paneli ya kielektroniki

Hapa waya mmoja mnene unatoka betri hadi kiboksi chini ya boneti, na ndani ya gari kuna kipande kidogo chenye vitufe sita au vinane. Hakuna rilei za kuita. Umeme mkubwa unakatwa na kuunganishwa kwa transista, swichi za kielektroniki zisizo na kibati cha kusogea. Nyingi zina kinga ndani: laini ikivuta kupita kiasi, inajizima badala ya kuchoma. Unaweza kuiamuru taa hii iwake na fulu, ile na rivasi, friji ikatike betri ikishuka chini ya volti fulani. Dashibodi inabaki safi, bila matundu ya swichi saba.

Ni kazi nzuri, nakiri, na kwenye gari lenye taa za mbele, za ubavuni, za nyuma, friji na pampu ya upepo ningeifikiria. Kuunga rilei sita kwa mkono kunageuka msitu wa waya, na msitu huo siku moja utamshinda hata aliyeupanda.

Lakini ikifa, vyote vimekufa pamoja. Hakuna duka la Loliondo wala la Marsabit lenye kiboksi cha kukupa, na hakuna fundi wa njiani atakayekifungua. Paneli za bei rahisi zina ubaya wa ziada: kila moja ina plagi zake, hivyo huwezi kutoa moja na kuchomeka ya aina nyingine. Ukiichagua, acha laini moja ya taa za mbele nje yake, kwenye rilei ya kawaida, ili uweze kurudi nyumbani.

Gari jipya lenye taa za LED za kiwandani na kompyuta inayosimamia taa linahitaji uangalifu kwa njia yoyote utakayochagua. Usichubue waya wake. Tumia adapta ya kuchomeka kwenye soketi, isiyobadilisha mzigo ambao kompyuta inauona.

Ethi, volti 24 na redio

Mambo matatu hayachagui njia.

Ethi ya taa za kwenye ngao usiikabidhi kwa ngao. Rangi ya unga iliyopakwa inazuia umeme, na boliti hushika kutu. Kwangua hadi chuma kwenye chesisi au peleka waya mweusi wa unene uleule hadi hasi ya betri. Kwenye keria usibahatishe kabisa, maana mara nyingi inakaa juu ya mpira. Shusha hasi yake chini pamoja na chanya.

Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japan zina mfumo wa volti 24, nzima au upande wa stata tu. Pima kwenye soketi ya taa kabla hujanunua chochote. Gari la 24 linataka rilei ya 24 na balbu za 24. LED nyingi za volti 10 hadi 30 zinakubali bila shida. Usichukue 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Moja itakuwa inaishiwa wakati nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Na ninyi wenzangu mnaoongoza wageni mnaijua hii: baa ya LED yenye kidhibiti kibovu inapiga kelele kwenye redio kolo, redio ya kuitana gari kwa gari. Unawasha taa, mwenzako anayekuita anageuka mvumo. Kabla hujalipa, washa baa karibu na antena redio ikiwa wazi, usikilize. Ikivuma, chagua baa nyingine au rudi kwenye halojeni, ambayo haina kelele kabisa.

Ukiniuliza mimi

Kwa Land Cruiser, Hilux au Patrol yenye taa mbili au baa moja mbele, inayokwenda mbali na mji: rilei kwa waya wa kukata, fyuzi karibu na betri, koili iliyofungwa kwenye fulu kwa upande wa hasi. Ndiyo niliyo nayo sasa. Kama huna fundi unayemwamini, seti nzuri ya shaba tupu inashinda kazi mbovu ya mkono, mradi umepima fulu kwanza. Kwa Defender ya zamani seti ya kawaida inaingia bila kugeuza kitu. Kwa taa ndogo ya nyuma, swichi na fyuzi tu. Kwa gari la safari ndefu lenye mizigo sita ya umeme, paneli ya mtengenezaji anayejulikana, na laini moja ya akiba nje yake.

Vyovyote utakavyochagua, usiondoke gereji mchana. Subiri giza. Injini ikiwa inazunguka, washa kila kitu kwa dakika ishirini, kisha pitisha mkono kwenye kila ungio, rilei, fyuzi na ethi. Vuguvugu ni sawa. Penye moto pana teminali isiyobanwa, ifanye upya. Pima volti betri, halafu pima kwenye soketi ya taa yenyewe, zikiwaka: tofauti ikizidi nusu volti, tafuta inapopotelea. Kisha mwombe mtu asimame mbele, mita hamsini, upige fulu na dimu mara kumi naye akuambie kinachowaka.